Valvu Hazifi Zikiwa Zimewaka

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Mwembe Tayari, Mombasa. Duka lake lilikuwa chumba chembamba chenye meza moja, stuli mbili na harufu ya lehemu isiyotoka hata madirisha yakifunguliwa. Ukutani palikuwa na kalenda na leseni ya biashara, basi. Rafu ya juu kabisa ilikaa redio kubwa ya mbao yenye jicho la kijani lililokuwa likifumba na kufumbua ukizungusha kitufe kutafuta stesheni. Haikuwa ya mteja. Ilikuwa yake, na haikuzimwa. Akifunga duka usiku alipunguza sauti tu, akaiacha ikiwaka gizani.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilidhani amesahau. Nikapanda stuli nikaizima. Asubuhi alipoiwasha, jicho la kijani halikufunguka. Mjomba hakunipiga wala hakupandisha sauti. Alifungua mgongo wa redio, akachomoa kijichupa kimoja cha kioo akakiweka kiganjani mwangu. "Mjomba," aliniambia, maana kwetu neno hilo huenda pande zote mbili, "hivi vioo havifi vikiwa vimewaka. Hufa siku ya kuwashwa." Akanionyesha uzi mwembamba ndani yake, mwembamba kuliko unywele, uliokuwa umekatika.

Maneno hayo nilikuja kukutana nayo tena nikiwa mtu mzima, usiku nikisoma habari za mhandisi wa simu wa Uingereza aitwaye Tommy Flowers. Nililazimika kuweka simu chini. Karibu neno kwa neno, jambo alilolijua mjomba kuhusu redio moja ndilo Flowers alilolitegemea mwaka 1943, alipowaambia watu wenye vyeo kumzidi kwamba angeweza kujenga mashine yenye valvu, vijichupa kama kile cha mjomba, zaidi ya elfu moja na mia tano, na mashine hiyo ifanye kazi usiku na mchana. Wengi hawakumwamini.

Kwa waliozaliwa baada ya valvu kutoweka, nieleze kidogo. Valvu ni ndugu wa globu ya taa. Ni kioo kilichofyonzwa hewa yote, na ndani yake kuna uzi unaopashwa moto kwa stima. Ukishika moto, elektroni, chembe ndogo mno za umeme, hutoka zikakimbilia bamba la chuma lililo upande wa pili. John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza ya aina hiyo Uingereza mwaka 1904, na miaka miwili baadaye Lee de Forest, kule Marekani, akatia kati ya uzi na bamba kitu cha tatu: wavu mdogo wa waya. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Nguvu kidogo sana ya umeme kwenye wavu huo inatosha kuzuia mkondo wote au kuuachia upite. Kwenye redio, wavu hukuza sauti dhaifu iliyotoka mbali. Kwenye kompyuta, wavu ni mlango: ama umefungwa, ama uko wazi.

Milango ya umeme ilikuwapo kabla ya hapo. Vituo vya kuunganisha simu vilijaa rilei, vijichuma vinavyovutwa na sumaku na kulia ta-ta-ta mtu akipiga namba. Lakini chuma kina uzito, na chenye uzito huchelewa. Ndani ya valvu hakuna kinachotembea isipokuwa elektroni. Ukizifunga mbili pamoja kwa namna ambayo moja ikifunguka nyingine hujifunga, umepata kitu kinachokumbuka: ndiyo au siyo. Waingereza wawili, Eccles na Jordan, walilionyesha hilo mwaka 1918. Kwa hiyo wazo la kuhesabu kwa valvu halikuwa geni. Kilichokosekana ni mtu wa kuamini kwamba zingekaa hai kwa pamoja.

Shaka hiyo haikuwa ya kijinga. Redio ya mjomba ilikuwa na valvu sita, na kila baada ya muda moja ilikufa. Tuseme valvu huishi saa 2,000. Ukiwa nazo sita, utabadilisha moja kila baada ya wiki mbili hivi. Ukiwa nazo 2,000, kwa wastani moja itakufa kila saa, na mashine nzima itasimama ukiitafuta iliyokufa kati ya zote hizo. Mwanahisabati yeyote angepiga hesabu hiyo na kutikisa kichwa.

Flowers hakuwa mwanahisabati. Alizaliwa mwaka 1905 Poplar, mashariki mwa London, mtaa wa wafanyakazi wa bandari, baba yake akiwa mwashi. Alijifunza ufundi wa mitambo kwenye karakana za silaha za Woolwich, na jioni akaenda kusomea uhandisi wa umeme. Mwaka 1926 akaajiriwa na Posta. Huko Uingereza, kama ilivyokuwa kwetu zamani, Posta na Simu zilikuwa nyumba moja, na Posta ilikuwa na kituo chake cha utafiti juu ya kilima cha Dollis Hill, kaskazini-magharibi mwa London. Hapo ndipo Flowers alipoanza, katika miaka ya 1930, kutia valvu kwenye mitambo ya simu badala ya rilei. Hakujenga moja ya maonyesho. Alijenga mitambo iliyotumia valvu zaidi ya 3,000, ikapitisha mazungumzo ya watu kila siku.

Na kwa kuikalia mitambo hiyo aligundua kitu ambacho hesabu ya kwenye karatasi haikionyeshi. Valvu nyingi hufa zinapowashwa na kuzimwa. Uzi baridi unapopigwa na stima kwa ghafla hutanuka kwa mshtuko, ukizimwa hunywea, ukiwashwa tena hutanuka, hadi siku unapokatika. Ukiziwasha pole pole, ukazitumia chini kidogo ya uwezo wake, kisha ukaziacha ziwake, hukaa miaka. Mitambo ya simu haizimwi kamwe, kwa hiyo Flowers aliona kilichofichika kwa watu wa redio na rada, ambao vifaa vyao viliwashwa na kuzimwa kila siku.

Vita vya Pili vilipoanza, Uingereza iliwakusanya wafumbuaji wake wa ujumbe wa siri katika jumba la Bletchley Park, kati ya London na Birmingham. (Sisi wa Mombasa tuna uzi wetu katika kitambaa hiki. Wajapani waliposhambulia Colombo mwezi wa Aprili 1942, kikosi cha wafumbuaji kilichokuwa huko kilihamishiwa Kilindini, kikapewa majengo ya shule ya Allidina Visram, na kutoka hapo kikawa kinasoma ujumbe wa meli za Japani. Nimepita mbele ya shule ile mara nyingi mno bila kujua.) Wengi wamesikia habari za Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe. Lakini majenerali wa Hitler, kwa mazungumzo yao ya juu kabisa, walitumia mashine nyingine, Lorenz, iliyofungwa kwenye teleprinta, mtambo wa taipu wa kupeleka maandishi mbali. Ilikuwa na magurudumu 12 yenye jumla ya pini 501, na kila herufi iliyopita ilichanganywa na herufi nyingine zilizozalishwa na magurudumu hayo.

Ufa ulipatikana kwa uvivu wa mtu mmoja. Tarehe 30 Agosti 1941, mtuma ujumbe wa Kijerumani alituma ujumbe mrefu, herufi zipatazo 4,000. Upande wa pili ukamwambia haukupokelewa vizuri, rudia. Akarudia bila kubadilisha mpangilio wa magurudumu, jambo lililokatazwa, na kwa kuwa alichoka kuandika upya akafupisha maneno hapa na pale. John Tiltman wa Bletchley alizilinganisha nakala hizo mbili kwa mkono, akatoa maandishi yote pamoja na mfululizo wa herufi ulioyaficha. Kisha kijana aitwaye Bill Tutte akaukalia mfululizo huo, akiuandika katika safu za urefu mbalimbali hadi marudio yakajitokeza, na kufikia mwanzo wa 1942 muundo wa mashine nzima ulikuwa umejulikana. Hawakuwa wameiona. Waliiona kwa macho vita vilipokuwa vinaisha Ulaya, mwaka 1945. Mimi kila nikilifikiria jambo hili nahisi baridi mgongoni.

Kujua muundo ni jambo moja, na kujua magurudumu yameanzia wapi kwa ujumbe wa leo ni jambo jingine. Tutte alipata njia: jaribu kila mwanzo unaowezekana, linganisha, hesabu. Mwanzo ulio sahihi utatoa hesabu inayopotoka kidogo kutoka kwenye bahati nasibu. Kwa penseli, kazi hiyo ingemaliza uhai wa mtu. Max Newman, mwanahisabati wa Cambridge, akasema ifanywe na mashine, na mashine ya kwanza ikaitwa Heath Robinson, jina la mchoraji katuni aliyependa kuchora mitambo ya ajabu ajabu. Iliendesha tepe mbili za karatasi zenye matundu, moja ya ujumbe na nyingine ya magurudumu, zikivutwa kwa meno ya chuma. Tepe zililazimika kwenda sambamba kabisa. Hazikwenda. Karatasi ilivutika, meno yakararua matundu, na hesabu ya sasa ikatofautiana na ya dakika kumi zilizopita.

Flowers aliitwa kusaidia. Alichofanya ni kuitazama mashine kwa jicho la fundi na kuuliza: tepe ya pili ya nini? Magurudumu yanajulikana, mpangilio wake unajulikana, basi yajengwe kwa valvu ndani ya mashine yenyewe. Ibaki tepe moja tu, ya ujumbe. Na hiyo moja isivutwe kwa meno. Izungushwe juu ya magurudumu laini, kwa kasi yoyote itakayoistahimili, na matundu madogo ya katikati yasomwe kwa mwanga yawe saa ya kuiongoza mashine nzima. Tepe ikienda haraka, mashine inakwenda haraka. Tepe ikivutika kidogo, hakuna kinachoharibika. Nimesoma maelezo mengi ya mashine za kale, na sijaona suluhisho lenye adabu kuliko hili.

Bletchley haikumkataza, ila haikumtia moyo pia. Mwezi wa Februari 1943 walimwambia wao wataendelea na mashine za tepe mbili, yeye akitaka aendelee na ya kwake. Mkuu wa Dollis Hill, Gordon Radley, akampa nafasi na watu. Flowers akatia na fedha zake mwenyewe. Yeye na wenzake walifanya kazi miezi kumi na moja, na mwezi wa Desemba 1943 mashine ikawaka Dollis Hill. Ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa Bletchley Januari 1944, na tarehe 5 Februari ikashika ujumbe wake wa kwanza wa kweli. Ilikuwa na valvu zipatazo 1,600. Walioitumia waliiita Colossus, kwa ukubwa wake.

Ilisoma herufi 5,000 kwa sekunde. Tepe ilipita kwa kasi ya kama kilomita 44 kwa saa, ikizunguka na kuzunguka, na katika majaribio walipoizidisha hadi karibu herufi 9,700 karatasi ilipasuka. Waliporudia kazi ileile, ilitoa jibu lilelile. Watu waliozoea Heath Robinson walipata shida kuliamini hilo zaidi ya kasi yenyewe.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kama valvu zitaishi. Walitaka nyingine, na upesi. Colossus ya aina ya pili, yenye valvu zipatazo 2,400 na kasi mara tano, ilitakiwa iwe tayari kufikia Juni 1, 1944. Usiku wa Mei 31 ilikuwa bado inagoma. Saketi zake zilikuwa zikitetemeka zenyewe bila kuamrishwa. Wengine walikwenda kulala, na Bill Chandler, mmoja wa wahandisi wa Flowers, akabaki nayo. Asubuhi ya Juni 1 ilikuwa inafanya kazi. Siku tano baadaye majeshi ya washirika yalishuka Normandy. Hadi vita vinaisha, Colossus zilikuwa kumi.

Na zilihudumiwa na wasichana. Zaidi ya mabinti 270 wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini walipokezana zamu, wakifunga tepe, wakigeuza swichi, wakisoma hesabu zilizochapwa, katika vyumba vilivyokuwa na joto kali kwa sababu ya valvu zenyewe. Mashine hazikuzimwa. Zamu ilipobadilika, watu walibadilika na mashine zikaendelea kuwaka. Nikisoma hapo huona ile redio ya rafu ya juu.

Kisha vita vikaisha, na hapa ndipo moyo wangu huumia. Amri ikatoka kwamba Colossus zivunjwe. Mbili tu zilihifadhiwa kwa siri kwa matumizi ya serikali. Flowers aliamriwa kuteketeza nyaraka zote, naye akachukua michoro na maelezo, kazi yote ya akili yake, akavitia ndani ya tanuri la Dollis Hill. Alikuwa ameapa, na watu wa kizazi kile waliheshimu kiapo. Serikali ilimpa pauni 1,000, ambazo hazikufikia fedha alizotia mwenyewe, na sehemu kubwa aliwagawia wenzake. Alipoomba mkopo kwa Benki Kuu ya Uingereza ajenge mashine nyingine ya aina hiyo, benki ilikataa kwa sababu haikuamini mashine kama hiyo ingeweza kufanya kazi. Hakuweza kuwaambia kwamba ameshazijenga kumi.

Mwezi wa Februari 1946 dunia ikatangaziwa kompyuta ya kwanza ya kielektroniki. Iliitwa ENIAC, ilijengwa Philadelphia na John Mauchly na Presper Eckert katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na ilikuwa na valvu zaidi ya 17,000, uzito wa tani 30, na umeme wa kilowati 150. Iliweza kujumlisha mara 5,000 kwa sekunde. Sina nia ya kuidunisha. Ilikuwa na uwezo mpana kuliko Colossus, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu. Na Eckert alikuwa fundi wa kweli: naye alizitumia valvu chini ya uwezo wake, na kabla ya kuchagua waya aliweka panya wenye njaa pamoja na aina mbalimbali za nyaya aone ni ganda lipi hawalipendi. ENIAC nayo ilifundisha somo lilelile. Valvu zake zilikufa zaidi wakati wa kupata moto na wakati wa kupoa, ndiyo maana waliokuwa wakiihudumia wakaona ni heri kuiacha ikiwaka.

Wanawake sita walioipangia kazi ENIAC, wakichomeka nyaya na kuweka swichi kwa siku kadhaa kwa kila hesabu mpya, hawakutajwa ipasavyo kwa miaka mingi: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Wao pia walijua mashine ile kwa vidole.

Wapo wanaobishana hadi leo ipi ilikuwa ya kwanza. Wengine husema zote mbili hazihesabiki kwa kuwa hazikuhifadhi programu ndani yake, na hutaja mashine ndogo ya Manchester ambayo tarehe 21 Juni 1948 iliendesha programu iliyokaa kwenye kumbukumbu yake yenyewe kwa dakika 52 na kutoa jibu sahihi, au EDSAC ya Cambridge iliyofuata Mei 1949 ikiwa na valvu zipatazo 3,000. Ubishi huo una raha yake barazani, kahawa ikiwapo. Kwangu mimi jambo kubwa lilishaamuliwa kabla ya hapo, Februari 1944, saa zilipopita na valvu zikabaki hai.

Flowers alirudi kwenye simu. Alishiriki kutengeneza ERNIE, mashine iliyochagua namba za bahati za hati za akiba za serikali kuanzia 1957. Nyumbani kwake walijua tu kwamba wakati wa vita alifanya kazi ya siri na muhimu. Ni katika miaka ya 1970, mtafiti Brian Randell alipofuatilia na serikali ikaachia picha chache, ndipo alipoweza kuanza kusema. Karibu miaka thelathini alikaa akisikia sifa zikienda kwingine.

Mwaka 1993 mhandisi Tony Sale alianza kuijenga upya Colossus palepale Bletchley, akiwa na picha nane zilizopigwa mwaka 1945 na vipande vya michoro ambavyo wahandisi wachache walikuwa wamevificha kinyume cha amri. Juni 1996 mashine ikawashwa, na Flowers, mwenye miaka 90, alikuwepo akiitazama tepe inazunguka. Alifariki Oktoba 1998.

Kuna jambo jingine la mwaka huohuo wa 1993. Flowers, akiwa na miaka 87, alisoma kozi ya mwanzo ya kutumia kompyuta katika chuo cha Hendon, London, akafaulu. Wakampa cheti.